Uti wa mgongo: kabla hujaandika, omba kidole

Watarajali mnaoripoti mwezi huu, karibuni. Zamu za usiku mtazizoea. Neno "uti wa mgongo" litawachukua muda zaidi. Mlilisikia shule ya msingi mlipofundishwa wanyama wenye uti wa mgongo na wasio nao, kisha mkaenda chuoni mkausoma mwili mzima kwa Kiingereza. Sasa mtakaa mbele ya watu ambao hawakupitia huko, na neno hilo wanalo, tena kwa maana ambazo hakuna mhadhiri aliyewatajia. Mimi ni afisa tabibu, nina miaka 19 katika hospitali jirani na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, na karibu yote ninayowaandikia hapa niliyajua baada ya kukosea.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kalamu. Alikuja mama wa makamo, mkojo unamchoma. Nikampima, nikampa dawa, nikaandika kwenye daftari lake herufi tatu kubwa, kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo: UTI. Siku ya tatu akaletwa na bajaji, amelazwa kwenye kigodoro, ndugu wawili wamemshika mabega. Kumbe mwanawe wa darasa la sita alilisoma lile daftari, akatangaza nyumbani kwamba mama ana uti. Uti gani tena kama si wa mgongo? Wakamlaza chali, wakamkataza kuinuka, jirani akaja kumpikia. Dawa alikuwa ameimeza vizuri na mkojo haukuchoma tena. Kilichokuwa kinamuuma sasa ni mgongo, kwa kulala chali siku tatu. Tangu hapo kwa mdomo nasema "yutiai" kama wasemavyo wengine mjini, na kwenye daftari la mgonjwa naandika "njia ya mkojo", herufi ndogo, hata kama foleni inafika getini.

Neno lenyewe ni la kupendeza ukilitazama kwa utulivu. Uti ni ndugu wa mti. Kiswahili kikitaka kitu kiwe chembamba na kirefu hukipa u- mwanzoni: ufito, uzi, unywele, ukuni. Mti uliopunguzwa unene ukabaki urefu ndio uti, na wazee waliita hivyo hata mpini wa mkuki. Uti wa mgongo basi ni ile nguzo nyembamba inayosimamisha maungo. (Mzee mmoja aliniambia uti na mauti ni ndugu wa tumbo moja. Si kweli, mauti yametoka Kiarabu. Lakini mtu anayelisikia neno hivyo ukimtajia ugonjwa wa uti, ameshasikia nusu ya hukumu.)

Shida yetu ni kwamba chini ya nguzo hiyo moja wamekaa wapangaji wengi. Kuna mifupa. Kuna kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa, ambayo mimi nikiandika huiita ugwe wa mgongo, ila sijawahi kumsikia mgonjwa akiitaja kwa jina hilo. Kuna maji yanayoizunguka kamba hiyo na utando unaoyafunika maji. Halafu kuna mgongo wa chini tu, ambao wengi huuita kiuno, na mgonjwa akizidiwa hupanda cheo ukawa uti wa mgongo. Chuoni kila kimoja kilikuwa na jina lake. Hapa vyote vinaingia kwa mlango mmoja, na wewe ndiye wa kuuliza aliyeingia ni nani.

Kwa hiyo mgonjwa akisema "uti wa mgongo unanisumbua", usiandike kitu. Mwambie: "Mama, niwekee kidole panapouma." Kidole kimoja kikitua katikati kabisa, juu ya mfupa, na akirudia tena na tena kinatua palepale, simama hapo, mfupa huo una habari. Kiganja kikipita kulia na kushoto juu ya mkanda wa suruali, mara nyingi ni misuli na viungo vya kiuno. Mkono ukianzia kiunoni ukashuka kalioni, nyuma ya paja, mpaka shavu la mguu, hapo neva imebanwa, na yeye atakuambia "ni mshipa". Kubali, lakini uliza mshipa upi, maana mshipa kwa watu wetu ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na kwa wanaume ni ngiri pia. Mikono miwili ikishika mbavuni kwa nyuma, fikiria figo. Na mkono ukienda kisogoni, sahau kiuno kabisa na mpime homa sasa hivi.

Kwa wazee omba ruhusa kabla ya kugusa, na usimwinue mzee kwenye benchi kwa kumshika mkono kama mtoto. Mpe shikamoo yake, mwache ainuke mwenyewe, huku unatazama anavyoinuka. Utajua mengi kuliko atakayokusimulia. Akiwa mwanaume aliyekuja na mkewe au watoto, na anasema kiuno "hakina nguvu" huku macho yako chini, watoe nje wote kwa kisingizio chochote. Huenda anazungumzia nguvu za kiume. Wapo waliokuja kwangu mara tatu kwa "mgongo" na kuondoka na diklofenaki ya maumivu, kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa watu nami sikushtuka.

Sasa niseme lile linaloua. Homa ya uti wa mgongo.

Jina hili limewapoteza watu wengi, mimi nikiwamo. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka minne, homa kali, anatapika, analia akiwashiwa taa. Nikamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayejua: "Tunahofia homa ya uti wa mgongo." Yule mama akamgeuza mtoto kifudifudi mapajani, akamminya mfupa kwa mfupa kuanzia mabegani mpaka kifandugu. Mtoto hakushtuka hata mara moja. Akanitazama: "Mgongo wake mzima, dokta." Na kwa neno nililompa alikuwa amepima sawasawa. Nilimpa jina la mgongo, akaangalia mgongo. Nilipoongeza kwamba tunataka kutoa maji kwenye uti wa mgongo, akamfunga mtoto kwa kanga, na muuguzi wa zamu ndiye aliyekimbia kumsimamisha nje.

Ugonjwa huo hauko mifupani. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe wa mgongo kwa pamoja. Siku hizi naeleza kwa yai. Ukimenya yai la kuchemsha, chini ya ganda kuna ngozi nyembamba inayong'ang'ania. Kichwani ipo kama hiyo, inashuka mpaka mgongoni bila kukatika, na vijidudu vikiishambulia mtu huumwa kichwa, hutapika, huogopa mwanga, shingo inakakamaa kiasi cha kushindwa kugusa kifua kwa kidevu. Naanzia kichwani, nashuka shingoni, na jina la ugonjwa nalitaja mwisho kabisa. Silifichi, kwa sababu ndilo watakalolisikia redioni, na ndilo mahujaji wetu wanalolijua, maana hawaingii Saudia bila chanjo yake. (Hajji mmoja aliniuliza kama chanjo ile ingemsaidia na kiuno kabla ya kutufu. Nilimjibu vizuri, lakini sikulala mapema usiku ule. Ni sisi tuliolisambaza jina bila maelezo.)

Kwa mtoto mchanga usisubiri shingo. Gusa utosi. Ukiwa umetuna hali mtoto hajalia, ukiongeza homa na kukataa ziwa, una sababu ya kutosha kuita mkubwa wako. Degedege nalo usiliache kwenye maelezo ya bibi tu. Bibi akisema ni degedege, mwitikie, kisha uliza lilianza saa ngapi, upande gani, na kama mtoto alizinduka katikati. Bibi ndiye aliyekuwepo.

Ukanda unaopigwa na milipuko mikubwa ya ugonjwa huu, kutoka Senegal hadi Ethiopia, uko kaskazini yetu. Hapa kwetu mtu mzima atakayewachanganya ni yule anayeishi na VVU, kichwa kinamuuma wiki ya pili au ya tatu, shingo laini, homa ndogo, na ameshatibiwa malaria mara mbili. Fangasi aitwaye kriptokokasi hufanya hivyo, taratibu. Ukingoja shingo ikakamae, utakuwa umechelewa.

Kuhusu maji yenyewe. Watu wanaogopa kwa sababu wameona. Walimwona ndugu akiletwa amezimia, akachomwa mgongoni, kesho yake akafa. Kilichomuua kilikuwa kimeanza siku tano kabla, lakini sindano ndiyo waliyoiona. Usibishane na macho ya mtu. Mweleze unachofanya. Ugwe wa mgongo kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kwa mtoto mchanga unashuka kidogo, mpaka karibu na ya tatu. Sisi tunaingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali palipobaki nyuzi za neva zinazoelea majini na kuipisha sindano. Geuka, mwonyeshe kwenye mgongo wako mwenyewe: shika vilele vya mifupa ya nyonga kwa mikono yote miwili, mstari unaoviunganisha unapita kwenye pingili ya nne. Watu huamini zaidi wakiona daktari anajishika mwenyewe.

Mpe na hesabu. Mtu mzima ana maji hayo kama mililita 150, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku, ya zamani yakinyonywa na damu. Tunachochukua mara nyingi hakijazi kijiko cha chai. Baada ya hapo kichwa kinaweza kumuuma siku kadhaa, hasa akikaa au akisimama, na akilala kikapungua. Mwambie kabla, kwa sababu akikiona bila kuambiwa atasema ndiyo madhara mliyoficha. Na chungeni kitenzi. Usiseme "kuvuta" wala "kunyonya" maji. Hatuvuti kitu, yanadondoka yenyewe kwenye kichupa. Mimi nasema "kupima maji ya mgongo", na tangu nibadilishe kitenzi hicho kimoja, wanaokataa wamepungua mbele ya macho yangu.

Sindano nyingine ya mgongo ni ya ganzi ya upasuaji wa uzazi. Mtakutana na akina mama wengi: "Nilichomwa sindano ya uti wa mgongo, tangu hapo sijawa mtu." Msiwacheke wala msiwajibu kwa haraka. Waliojifungua bila sindano nao huumwa mgongo, na kwa wingi: mimba imeuvuta mwili mbele miezi tisa, halafu unakuja mtoto wa kubebwa, ndoo ya kubebwa, na kunyonyesha ukiwa umejikunja kwenye kigoda. Muulize anavyokaa akinyonyesha. Wengine nimewasaidia kwa mto na kiti chenye egemeo, basi.

Twende kwenye mifupa, ambako Kiswahili kimetutendea haki. Pingili. Ni neno la muwa na mwanzi, kipande kilichoko kati ya fundo na fundo, na wetu huku walizaliwa nalo mdomoni. Tunazaliwa na pingili 33: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5, kisha 5 zinazoungana kuwa mfupa mmoja wa nyonga kwa nyuma, na kwa kawaida 4 za kifandugu ambazo nazo huungana, hivyo mtu mzima akihesabiwa anabaki na mifupa 26. Shingo ya twiga ina pingili 7 pia, kama yako, ila nyingi kati yake ni ndefu kupita mkono wako wa chini wa utotoni. Hii waambieni watoto wakiogopa kulala kwenye mashine ya eksirei.

Kwa miaka nilieleza diski, kile kinachokaa kati ya pingili na pingili, kwa kutumia muwa. Mgongo ni muwa, nikasema, pingili na fundo, pingili na fundo. Mkata miwa mmoja, mtu mzima mwenye mikono ya kovu tupu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kwenye benchi la nje redio ilikuwa inasema kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi, naye akawa anacheka huku ameshika kiuno. Kisha akasema: "Dokta, wewe hujakata muwa. Muwa fundo ndilo gumu, pingili ndiyo laini. Huu wa kwako umegeuzwa." Alikuwa sahihi. Mgongoni pingili ndiyo ngumu, na kwenye nafasi ya fundo ndiko kuna kitu laini, gegedu lenye ute mzito katikati. Likitoka nje kidogo hugusa neva, na ndipo mguu unapowaka moto. Tangu siku hiyo nasema muwa uliogeuzwa, na kila mkata miwa ananielewa kabla sijamaliza sentensi.

Neno la pingili lina mwenzake mbaya: kusagika. "Pingili zimesagika." Mtalisikia kila siku, na mengi kati ya hayo yametoka kwetu, tumeyasoma kwenye ripoti ya picha tukayatupa juu ya meza. Nilimwambia hivyo dereva wa trekta, miaka 46, maumivu ya kiuno ya wiki sita, neva zote salama. Nikaongeza utani wa mashine ya mahindi. Mwaka uliofuata nikamkuta sokoni na fimbo, mkanda mpana kiunoni, ameacha trekta. "Si ulisema zimesagika?" Alikuwa haiinamii hata sahani. Maumivu yale yangeisha na huenda yalishaisha, ila neno langu lilikuwa limemkaa. Kinachoniuma ni kwamba picha yake ilikuwa ya kawaida kwa umri wake. Watu wasioumwa chochote wakipigwa picha za MRI, diski zilizochakaa huonekana kwa kama asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Nasema sasa: "Mgongo wako umeanza kuota mvi." Mtu hupapasa kichwa chake, anacheka, kesho yake anarudi shambani taratibu.

Hata hivyo wapo wasiotakiwa kuchekeshwa, na kuwapata kunategemea uulizavyo. Neva za chini zikibanwa kwa nguvu, mtu hupoteza hisia sehemu anayokalia, na mkojo unagoma au unatoka bila taarifa. Kitabu kinawaambia muulize ganzi ya sehemu ya tandiko la farasi. Nani hapa amepanda farasi? Uliza: "Ukijitawaza, maji unayahisi kama zamani?" Wazee kwa vijana watakujibu mara moja. Akisema hayahisi, huyo anapewa rufaa leo, usimpe tarehe ya kurudi. Vilevile mtu mwenye jasho la usiku, anayekonda, na katikati ya mgongo pametokeza kichuguu cha mfupa ambacho mwaka jana hakikuwepo: kifua kikuu hukaa pia kwenye pingili. Hao walikuwa wakiitwa kibiongo mtaani kabla hawajafika kwako. Wewe mwite jina lake.

Nimalizie na neno ninaloona limetengenezwa vizuri, mgongo wazi. Mtoto anazaliwa pingili hazikufunga kwa nyuma, pengine ugwe wenyewe uko nje ndani ya kifuko. Kwa kuwa wengi hujaa maji kichwani pia, wazazi wamezoea kuyataja yote kwa pamoja, kichwa kikubwa na mgongo wazi. Ukilisema, mzazi anaona. Lakini sikilizeni anachokisikia mama: wazi, kana kwamba kuna kitu alikiacha bila kufunga. Mweleze kwamba mfereji ule hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba, na ndiyo maana vidonge vya foliki vinatakiwa kuanza kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Kifuko kifunike kwa shashi safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, mlaze mtoto kifudifudi, piga simu ya rufaa kabla ya kumaliza kuandika. Na si kila mgongo wazi unaonekana wazi. Kishungi cha nywele au kishimo kiunoni kwa mtoto mchanga kinatosha kukufanya utazame miguu yake inavyocheza.

Faili mtaandika kwa Kiingereza, ndivyo tunavyotakiwa. Ila mstari wa kwanza wa malalamiko uandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za nukuu, na pembeni uchore mchoro mdogo wa mgongo wenye alama mahali kidole kilipotua. Wakimbizi kutoka Kongo waliopita kwetu walisema "mugongo", wamama wa huku juu husema "nyonga" kwa kitu kilekile, na atakayepokea zamu saa mbili usiku hatakuwa amewasikia. Kalamu nyekundu ziko droo ya juu, chumba namba nne.